Mwewe, Vifaranga na Simbilisi: Tuliyoyaona Igogwe



Msimu uliopita, siku ya tatu ya kuanika, nyumbani kwetu vilitoka vifaranga 11 asubuhi na magharibi vikarudi 4. Uani tulikuwa watu sita, wote tumeinamia majamvi, tukichambua karafuu na kutupa makonyo upande, wala hapana hata mmoja wetu aliyeinua kichwa kutazama juu. Jioni tulipohesabu tulikasirika sana, na kwa hasira ile ile tuliandika katika ukurasa huu kwamba dawa ya mwewe ni risasi, na asiye na bunduki atie dawa ya wadudu katika utumbo wa kuku na kuuweka juu ya paa. Baadhi yenu mlituletea salamu za kulisifu shauri lile. Leo twalirudisha, na yafaa tueleze kisa chake.

Mwezi wa Septemba, kabla msimu haujapamba moto, tulialikwa harusi Igogwe katika wilaya ya Rungwe. Kijana wa jirani yetu ameoa huko. Tulipanda meli Mkoani, tukalala Dar es Salaam, tukachukua basi mpaka Mbeya, na kutoka Mbeya tukaishika barabara ya Tukuyu. Mtu wa visiwani akifika nchi ile huiona migomba kila upande akadhani yuko kwao, mpaka usiku uingie na baridi imkumbushe. Mlima Rungwe umesimama hapo karibu mita 3,000, na mvua yake ni nyingi kupita sehemu kubwa ya Tanzania. Watu wanalima ndizi, chai, viazi na maharage, na ng'ombe wa maziwa hukosekana katika nyumba chache tu. Wenyeji wa Igogwe hupenda kumwonyesha mgeni hospitali yao ya misheni ya Kikatoliki, nasi tulionyeshwa.

Lakini tulichokitazama kwa hamu zaidi kilikuwa sakafuni jikoni kwa mama wa bibi harusi. Palikuwa na vinyama vidogo vinene, havina mkia, vingine vyeupe, vingine na mabaka mekundu, vikitafuna majani na kulia kwa sauti nyembamba kama ya filimbi. Huko nyanda za juu kusini huitwa simbilisi. Asili yao ni milima ya Amerika ya Kusini, na sasa wamekuwa wenyeji katika vijiji vingi vya Iringa, Njombe na Mbeya. Mara nyingi huwa mali ya watoto. Wa nyumba ile walikuwa sita, na bwana wao alikuwa kijana wa miaka tisa aliyempa kila mmoja jina. Mimba ya simbilisi huchukua zaidi ya miezi miwili, jambo la ajabu kwa kinyama kidogo hivyo, lakini wana wake huzaliwa wana manyoya na macho wazi, na kwa muda mfupi tu huanza kutafuna majani. Ndiyo maana hutoka nje mapema, na ndiyo maana mwewe huwapata mapema.

Siku ya pili, kiasi cha saa nne asubuhi, kilima cha mbele yetu kilikuwa kinatoka moshi kwa watu kuchoma shamba. Mwewe walikuwa wanne au watano wanazunguka juu ya moshi ule, kwa kuwa ndege huyu anajua kwamba moto huwatoa panzi na panya mafichoni. Yule kijana alikuwa amewatoa simbilisi wake kwenye majani mafupi nyuma ya jiko. Jogoo alitoa mlio mmoja mzito wa koo. Kuku wote wakaingia chini ya migomba, simbilisi watano wakakimbilia ukutani, na wa sita akaganda palepale alipokuwa, kwani ndiyo desturi ya kinyama hiki akishikwa na hofu. Kivuli kilipita, tukasikia mlio mmoja, na mwewe alikuwa tayari juu ya mti na kitu cheupe miguuni. Hakutua hata kidogo.

Yule kijana hakulia mbele yetu. Alikwenda nyuma ya zizi la ng'ombe, akakaa huko mpaka adhuhuri.

Tulimwambia mama mwenye nyumba maneno yale yale tuliyowaambia ninyi, ya risasi na sumu. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, mwewe hana kosa. Kosa ni langu, maana wigo wa mwanangu umeoza tangu masika, nami nilisema kesho, kesho." Akatuuliza kama huku kwetu sumu huchagua nani aile. Hatukuwa na jibu. Msimu uleule uliopita, baada ya kuweka utumbo wenye dawa juu ya paa, alikufa paka wa jirani yetu. Mwewe hatukumpata. Jambo hilo hatukuliandika, na tunaona haya kuliandika leo.

Tena si paka peke yake. Zipo dawa za wadudu, kama furadani, ambazo zimeua tai wengi na hata simba katika Afrika Mashariki kwa watu kuzipaka mizoga. Bundi akila panya aliyekula sumu hufa naye, na panya wanaobaki humshukuru aliyetega. Huko Bara sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na hapa Zanzibar tuna sheria yetu ya misitu na viumbe vyake ya mwaka 1996. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mwewe mmoja akiuawa mwingine huja, madhali uwanja uko wazi na vifaranga vinatembea.

Mchana ule tulikaa na wazee wawili wa pale, na katika mazungumzo tukatambua kwamba huku visiwani tumezoea kumwita mwewe kila ndege mwenye kucha. Mwewe hasa ni yule wa rangi ya kahawia, mdomo wa manjano, mkia wake una panda kama mkia wa samaki. Uzito wake haufiki kilo moja. Ndege hawezi kuruka mbali na mzigo uliozidi uzito wake, na wengi hawawezi hata huo. Kwa hiyo kifaranga, kinda la njiwa, simbilisi mchanga, mtoto wa sungura na mtoto wa paka ambaye bado ananyonya, hao wote ni chakula chake. Paka mzima si chakula chake, na mwenye kuwaogopea mbuzi wake huyo na alale usingizi.

Yupo mwingine pale Rungwe, mpana wa mabawa, tumbo jeupe na mkia mwekundu, ingawa wengine wa kabila lake ni weusi. Hukaa juu ya nguzo akitazama chini. Huyu kazi yake kubwa ni panya, fuko, mijusi na nyoka, na wazee wale walisema anayempiga mawe amepiga mlinzi wa viazi vyake. Tai mwenye kishungi wa misitu ya mlimani ni habari nyingine kabisa. Yeye hukamata nyani na paa wadogo, na katika misitu ile ile ndimo alimoonekana kima aitwaye kipunji, ambaye wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 2003. Tai huyo hulea kinda moja tu, na kwa kawaida hutaga mara moja katika miaka miwili. Ukimwua mmoja umeondoa uzazi wa muda mrefu. Haji uani kwa mtu ila kwa nadra.

Anayetuhusu sisi wenye mashamba ya mikarafuu, na hasa ndugu zetu wa Pemba, ni kipanga. Huyu hazunguki angani. Hujificha ndani ya majani, akatulia, kisha hutoka kama jiwe lililotupwa na kumchukua njiwa au kifaranga kabla jogoo hajasema neno. Tukitazama vizuri, vile vifaranga vyetu saba havikuchukuliwa na mwewe. Banda letu liko chini ya mkarafuu mkubwa, na hapana mti unaomficha kipanga kuliko mkarafuu, kwani haupukutishi majani mwaka mzima. Hapo ndipo shauri la uwanja linapokuwa gumu kidogo. Kichaka kifupi, mpaka magotini, humfaa kifaranga kwa kukimbilia. Mti mkubwa wenye kivuli kizito humfaa kipanga. Mwenye kuweka banda na aliweke mbali na mkarafuu, kisha apande mchaichai au aache magugu mafupi pembeni.

Unguja wana taabu yao nyingine, nayo ni kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa katika miaka ya 1890 ale takataka za mji. Takataka alizila, na vifaranga pia. Kunguru huwafukuza mwewe, ni kweli tumemwona akifanya hivyo, lakini kumtegemea yeye ni kumkodi mwizi alinde duka.

Na bundi? Bundi mdogo wa Pemba, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, hukaa katika msitu wa Ngezi na katika mikarafuu yetu, na chakula chake hasa ni wadudu. Hana haja na kuku wa mtu. Wanaomrushia mawe kwa sababu ya mlio wake wa usiku wanamwonea bure.

Sasa tuseme alichokifanya yule mama, maana kesho yake hakusema kesho tena. Alikata mianzi, ambayo huko ni mingi, akafunga wigo wa mraba usio na sakafu, urefu wa hatua nne na upana wa mbili, juu akaufunika kwa mianzi iliyoachana kidogo kuliko ngumi ya mtoto. Kila asubuhi kijana huusogeza kwenye majani mapya. Pembeni mwake aliweka chungu kilichovunjika, kimelala ubavu, simbilisi wapate pa kuingia wakiogopa, kwani kinyama chenye mahali pa kujificha hakigandi uwanjani. Usiku wote hurudi jikoni.

Kwa vifaranga, njia ya tenga ni ya zamani na bado haijashindwa. Mama hufungiwa ndani ya tenga lililofudikizwa, na vifaranga hupita katika matundu kwenda na kurudi. Akitoa mlio wa hatari, vyote humo. Wiki nne za kwanza ndizo za kuangalia sana, na baada ya wiki ya nane kuku amekwisha kuwa mzito kwa mwewe, ingawa kipanga jike bado atamjaribu. Asiye na tenga atumie pakacha kubwa lililosukwa kwa nafasi. Wavu mkuukuu wa samaki wafaa kufunika juu ya uwanja, lakini uvutwe ukaze. Ukilegea, ndege wataunasa, na kuku wenyewe pia. Mwenye uwezo anunue wavu wa senyenge.

Vitu vinavyometameta, kama sahani za muziki zilizoharibika, hufaa kwa siku chache, kisha mwewe huvizoea. Anayevitumia avihamishe kila baada ya siku mbili tatu. Tumesikia pia kwamba wapo wafugaji wa Kenya wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asivitambue. Hatujajaribu, na tunadhani kipanga wetu hatababaishwa na rangi. Jogoo mwenye macho ni bora kuliko rangi, na kanga wawili ni bora kuliko jogoo, ila jirani akubali makelele.

Linalobaki ni msimu. Tukiwa juu ya mikarafuu au tumeinamia majamvi, uani hapana macho. Nyumbani kwetu mwaka huu tumekubaliana hivi: vifaranga havitoki tengani mpaka karafuu za siku zimekwisha kuchambuliwa na mtoto mmoja amepewa kazi ya kukaa karibu na jamvi na kutazama juu. Atalipwa kama mchambuaji. Wenzake wamekwisha kuanza kugombania zamu.

Barua ya juzi kutoka Igogwe yasema simbilisi mmoja amezaa watatu, na kijana amempa mmojawao jina la mhariri wenu. Hatukuambiwa kama ni yule anayeganda au yule anayekimbia.