Ukame unavyopofusha mifugo Garissa

Msimu wa Jilaal unapokolea kati ya Januari na Machi, wafugaji wa Ijara, Fafi na Balambala huhofia njaa na kiu. Lakini kuna upungufu mwingine ambao huingia zizini kimyakimya. Ng'ombe aliyetembea vyema mchana kutwa huanza kujikwaa magharibi inapoingia, hugonga ua wa miiba na hubaki nyuma wenzake wanaporejea kutoka kisimani. Mnyama huyo haoni gizani, na mara nyingi anachokosa ni vitamini A.

Nyasi zenyewe hazina vitamini hiyo. Zilicho nacho ni karotini, chembechembe za rangi ya manjano zilizofichwa na ukijani wa majani, ambazo mwili wa mnyama huzigeuza kuwa vitamini A, hasa katika utumbo. Inayozidi huwekwa kwenye ini. Ng'ombe mkubwa aliyeshiba majani mabichi wakati wa mvua anaweza kuitegemea akiba hiyo kwa miezi mitatu au zaidi. Ndama huzaliwa karibu mikono mitupu, na tegemeo lake ni dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo.

Kwa hivyo mvua za Deyr, ambazo hutarajiwa kati ya Oktoba na Desemba, zikikosekana, mifugo huingia Jilaal ini likiwa tupu. Kati ya mwaka wa 2020 na mapema 2023, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini Kenya. Njaa ndiyo inayotajwa, na ni sawa. Hata hivyo, mnyama aliyeishiwa na vitamini A hudhoofika pia utando wa mapafu na utumbo, hivyo maradhi madogo humwangusha upesi.

Ithibati ya mapema ilitoka mbali na Garissa. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, jaribio lililoanza mwaka wa 1907 liliwalisha mitamba nafaka ya aina moja kila kundi. Waliokula mmea wa mahindi pekee walizaa ndama wenye nguvu. Wa ngano pekee walizaa ndama waliokufa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mwaka wa 1913, Elmer McCollum na Marguerite Davis wa chuo hicho walieleza kuwa mafuta ya siagi yana kitu ambacho kiumbe hawezi kukua bila hicho. Baadaye kiliitwa vitamini A.

Mahindi hayo yalikuwa ya manjano. Mahindi meupe hayana karotini ya kutajika, na ndiyo yanayopendwa nchini. Yale ya manjano Wakenya wengi huyakumbuka kwa dharau kama chakula cha msaada cha njaa ya 1984. Kwa ng'ombe, dharau hiyo haina msingi.

Marobota ya nyasi kavu ya msaada nayo yaangaliwe kwa jicho hilohilo. Nyasi zilizoanikwa juani hadi zikawa nyeupe hujaza tumbo, lakini karotini imepotea karibu yote. Zilizokaushwa upesi, zikabaki na ukijani, ni bora zaidi. Inasikitisha kwamba ugavi wakati wa ukame huhesabiwa kwa idadi ya marobota, rangi isiulizwe.

Ngamia na mbuzi huponea vichakani. Mizizi ya miti kama mswaki hufika mbali, na majani yake hubaki mabichi nyasi zikiwa vumbi. Ng'ombe na kondoo, wanaotegemea nyasi zaidi, ndio huathirika kwanza.

Mimba zinapoharibika, mfugaji asikimbilie kulaumu lishe. Homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka Garissa mwishoni mwa 2006, huharibu mimba kwa wingi pia, na huhatarisha maisha ya binadamu. Tofauti kubwa ni majira: homa hiyo hufuata mvua kubwa na mafuriko, ilhali upungufu wa vitamini A hufuata kiangazi kirefu. Kwa vyovyote, mimba iliyotoka isishikwe kwa mikono mitupu, na daktari wa mifugo aarifiwe.

Tiba ipo, nayo ni sindano ya vitamini A. Kipimo kiamuliwe na mtaalamu, kwa kuwa ikizidi huwa sumu, na mnyama mwenye mimba huweza kuzaa kilema. Mnyama mzima asiyeona usiku huweza kupata nafuu akitibiwa mapema au mvua zikirudisha majani. Kwa ndama hali ni tofauti. Mfupa wa fuvu hukua vibaya na kubana mshipa unaopeleka ishara za kuona kutoka jichoni hadi ubongoni. Mshipa huo ukishaharibika, upofu huwa wa kudumu, na hata mvua za Gu zikinyesha vizuri, ndama huyo hataziona nyasi.