Mbona pesa za HELB bado hazijaingia?

Kila muhula ukianza, makomredi wengi hutuuliza swali hilo. Mara nyingi simu yako haina shida. Pesa zenyewe bado ziko njiani, kwa hivyo hebu tuifuate hiyo njia.

Bajeti husomwa Juni, na mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Lakini kutengewa pesa si kupewa pesa. Hazina ya Taifa huzitoa kwa mafungu, kadiri zinavyopatikana. HELB huongezea marejesho ya waliokopa zamani, ndiyo maana aliyemaliza chuo akikwepa kulipa, wewe unayesoma sasa unaumia.

Katika mfumo ulioanza 2023, msaada huja kwa njia mbili: ufadhili usiorudishwa, na mkopo wa HELB. Pesa za karo huenda moja kwa moja chuoni. Za matumizi ndizo huja kwako.

Tuchukue kozi ya Sh200,000 kwa mwaka, kwa viwango vilivyotangazwa 2024:

- Bendi ya 1: ufadhili Sh140,000, mkopo Sh50,000, familia Sh10,000.
- Bendi ya 5: ufadhili Sh60,000, mkopo Sh60,000, familia Sh80,000.

Pesa za matumizi ni kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka, kulingana na bendi. Hizo pia ni mkopo, si zawadi! Kwa hivyo wa bendi ya 1 hapo juu anaweza kudaiwa Sh110,000 kwa mwaka mmoja tu, kabla ya riba ya asilimia 4.

Ufanye nini sasa?

1. Hakikisha jina na nambari ya kitambulisho ulizosajili laini nazo ni zile zile ulizowapa HELB.
2. Omba mkopo upya kila mwaka. Haujiongezi wenyewe.
3. Zikiingia, gawanya kwa miezi ya muhula. Lipa nyumba kwanza, sherehe baadaye.
4. Usimpe mtu PIN yako. Anayekuitisha "ada ya kuharakisha HELB" ni tapeli, mkatie simu.

Sisi hatuwezi kuharakisha pesa ambazo hazijatumwa. Lakini ukiambiwa zimetumwa na huzioni, tupigie tuzitafute pamoja.