Amazonaiti ni pambo, si dawa ya presha

Huenda umewahi kuuziwa au kupewa na ndugu bangili ya mawe ya kijani yanayoelekea bluu, ukaambiwa yanashusha presha, yanaondoa wasiwasi na kuzuia mionzi ya simu. Jiwe hilo huitwa amazonaiti.

Ni aina ya feldispa, kundi la madini linalounda sehemu kubwa ya miamba. Ndani yake kuna potasiamu, alumini na silika, na rangi yake ya kijani inahusishwa na kiasi kidogo cha risasi kilichonaswa ndani ya jiwe. Wamisri wa kale walilichonga shanga na hirizi. Mtu mzima akilivaa kama pambo, hakuna ubaya.

Ubaya unaanza linapogeuzwa dawa. Hakuna ushahidi wa kitaalamu kwamba linashusha presha. Na presha ina ujanja wake: wengi hawasikii dalili yoyote. Unaweza kuvaa bangili, ukajiona umepata nafuu, ukaacha vidonge, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vikiendelea kuumia. Vaa ukipenda, ila vidonge usiache, na kapime.

Wapo pia wanaolilowesha jiwe usiku kucha kisha wanakunywa maji yake. Usifanye hivyo, na mtoto usimpe kabisa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Isitoshe, baadhi ya mawe ya sokoni yamepakwa rangi au nta, na muuzaji hatakuambia.

Mzazi, mtoto mchanga usimvishe shanga za mawe shingoni, hata kama bibi yake amesisitiza. Uzi unaweza kumkaba usingizini; ukikatika, shanga moja inatosha kuziba njia ya hewa.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akikwamwa, hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua. Mpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, mgeuze chali, mbinye katikati ya kifua mara 5, kisha rudia huku mwenzako akitafuta msaada. Usiingize kidole kinywani kutafuta kitu usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi.