Wiki ya wafanyabiashara: Chagua kiendelezi utakachoweza kukitunza

BUJUMBURA. Mali bila daftari hupotea bila habari. Soko Kuu la Bujumbura lilipoteketea kwa moto Januari 27, 2013, mfanyabiashara aliyekuwa amehifadhi daftari lake kibandani alipoteza mali na habari zake kwa siku moja.

Siku hizi simu imechukua sehemu kubwa ya kazi ya daftari. Kuanzia Buyenzi hadi bandarini, bei ya ndagala, nauli ya lori la Kobero na hati zinazotakiwa forodhani hupitishwa kwenye makundi ya WhatsApp. Tatizo ni kwamba ujumbe wa jana huzama chini ya ujumbe wa leo, na simu ikipotea, kumbukumbu nayo hupotea.

Kwa chama cha wafanyabiashara wa mpakani, wiki inaweza kuziba pengo hilo. Wiki ni tovuti ambayo wanachama wenyewe huandika na kusahihisha kurasa zake, na kila badiliko hubaki kwenye historia pamoja na tarehe na jina la aliyelifanya. Ukurasa mmoja unaweza kueleza cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Mwingine unaweza kueleza njia ya Gatumba kwenda Uvira.

Tarehe ni jambo kubwa hapo. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Ukurasa ulioandikwa kabla ya hapo na kuachwa bila kuguswa unaweza kumpeleka mtu na mzigo wa nyanya kwenye kizuizi kilichofungwa.

Bure, lakini si bila gharama

Programu inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, ikiwemo Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza 2003. Kuipakua ni bure, na inaweza kutumika kwa Kiswahili au Kifaransa. Gharama huja baadaye: kulipia seva na jina la tovuti, kisha kumlipa fundi wa kuisasisha.

Gharama hiyo ya fundi hukua kwa kila kiendelezi kinachoongezwa. Viendelezi ni programu ndogo zinazoipa wiki uwezo ambao haikuzaliwa nao, kama vile kuchora grafu, kuonyesha ramani au kuweka fomu za kujaza. Vipo vingi mno, na kuvisakinisha ni kazi ya dakika chache. Lakini kila kimoja kina mtunzaji wake, na wengi wao ni watu wa kujitolea. Mtunzaji akichoka au akipata kazi nyingine, kiendelezi chake kinaanza kuzeeka.

Hata Wikipedia yenyewe imeonja shubiri hiyo. Aprili 2023 kiendelezi chake cha kuchora grafu, Graph, kilizimwa kwa sababu za kiusalama, kwani kilitegemea programu ya zamani isiyotunzwa tena. Grafu zikatoweka kwenye kurasa za lugha zote, na ikabidi kujengwa kiendelezi kipya kinachoitwa Chart. Ikiwa shirika lenye wahandisi wa kuajiriwa lilikwama hivyo, chama chenye fundi mmoja wa vibarua kina sababu zaidi ya kuwa na tahadhari.

Maswali ya kuuliza kabla

Swali la kwanza ni kama kiendelezi kinahitajika kweli. Bei za wiki nzima hukaa vizuri kwenye jedwali la kawaida, ambalo MediaWiki inalo tayari.

Swali la pili ni nani anakitunza. Viendelezi vinavyokuja pamoja na MediaWiki, au vinavyotumika kwenye Wikipedia, kwa kawaida vina macho mengi juu yake. Vingine vina ukurasa kwenye tovuti ya mediawiki.org unaoonyesha hali yake, na vilivyotelekezwa huwekewa alama. Kiendelezi ambacho hakijaguswa kwa miaka mitatu ni kama lori lisilo na vipuri sokoni: linatembea leo, lakini siku likikwama litabaki barabarani.

La tatu ni kinadai nini kingine. Kihariri cha VisualEditor, kinachomwezesha mtu kuandika bila kujua alama za wiki, zamani kilihitaji huduma ya pili iendeshwe pembeni kwenye seva. Tangu toleo la 1.35 la mwaka 2020 mzigo huo umeondolewa, na sasa hata wiki ndogo inaweza kukitumia.

La nne, na pengine zito kuliko yote, ni kitakachobaki siku kiendelezi kikiondolewa. Grafu za Wikipedia zilipozimwa, takwimu zilizoandikwa ndani ya kurasa zilibaki zikisomeka kwa mhariri. Lakini kiendelezi cha majadiliano cha Flow kiliweka maandishi nje ya kurasa za kawaida, hivyo kukiachisha kazi kunadai kwanza kuyahamisha maandishi hayo. Kwa chama kinachoandika makubaliano ya bei au orodha ya wasafirishaji, maandishi ya kawaida ndiyo salama zaidi.

Toleo la muda mrefu

MediaWiki hutoa matoleo mapya takriban mara mbili kwa mwaka, na mengi hutunzwa kwa mwaka mmoja tu. Lakini kila baada ya miaka miwili hivi hutoka toleo la kutunzwa kwa miaka mitatu. Toleo la 1.43, lililotoka Desemba 2024, ni la aina hiyo na limepangiwa kutunzwa hadi Desemba 2027. Kwa chama kidogo, busara ni kukaa kwenye matoleo hayo, na kukubali kiendelezi ikiwa tu kinafanya kazi nayo.

Wafanyabiashara wa ukanda huu wanaijua bei ya kubadili mifumo. Forodha ya Tanzania ilihamia TANCIS mwaka 2014, na Kenya iliachana na mfumo wa Simba uliokuwapo tangu 2005. Kila badiliko lilimlazimu wakala kujifunza upya. Serikali ina bajeti ya mabadiliko hayo. Chama kina michango ya wanachama.

Kwa hiyo kabla ya kusakinisha chochote, chama kiandike kwenye wiki yenyewe sababu ya kuchagua kila kiendelezi na jina la anayewajibika nacho. Nywila ziwe mikononi mwa watu wawili, si mmoja. Nakala ya akiba ya kurasa na picha ichukuliwe kila mwezi, ihifadhiwe nje ya seva, na angalau mara moja kwa mwaka ijaribiwe kufunguliwa upya. Nakala isiyowahi kujaribiwa haina tofauti na daftari lililoachwa kibandani.