Dawa ya Ugomvi ni Kikao

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Visiwani kwetu tuna sifa ya kusitiri mambo ya nyumbani, nayo ni ada njema. Lakini hapana budi tuseme kweli: sitara hiyo hiyo imewafanya wengi wakae na mizozo miaka na miaka. Mume hasemi na mkewe, ndugu wa tumbo moja hawaamkiani, mpaka shauri lifike kwa Kadhi likiwa limekwisha kuoza.

Ipo njia inayotupasa kuitazama kwa makini, nayo ni tiba ya mazungumzo ya kikundi. Watu wachache wenye dhiki za moyo hukutana kila wiki, pamoja na kiongozi aliyefunzwa, wakaelezana yanayowasibu.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, nchini Uganda, sehemu zilizopigwa vibaya na UKIMWI, njia hii ilijaribiwa kwa wagonjwa wa huzuni nzito, yaani sonona. Viongozi hawakuwa madaktari, bali watu wa huko huko waliofunzwa kwa wiki 2. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16. Mwishowe, kati ya kila 100 waliopangiwa vikao, chini ya 7 walibaki na ugonjwa. Katika vijiji vilivyokosa vikao walibaki zaidi ya 54. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo.

Nguvu yake imo katika kutazama mahusiano: misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Anayegombana na mumewe hueleza lipi lilisemwa na lipi lilijibiwa. Wenzake humwonyesha mahali pa kulegeza neno na mahali pa kusimama imara. Hulijaribu nyumbani, na wiki ya pili huleta habari. Tena, mtu huingia kikundini na tabia yake. Anayewakatiza wenziwe kauli humo ndiye anayemkatiza mkewe nyumbani. Naye huambiwa kwa upole jambo ambalo nyumbani hakuna aliyethubutu kumwambia.

Baadhi watauliza: je, hizi si baraza zetu za kahawa? La, hasha. Maneno ya barazani hufika sokoni kabla ya adhuhuri. Kikundini kila mmoja huahidi kwamba yaliyosemwa hayatoki nje. Ahadi ikivunjwa, kikundi kimekufa. Wala kikundi si mahakama. Mke anayepigwa asiambiwe avumilie mpaka vikao viishe. Huyo anahitaji kwanza ulinzi wa sheria.

Kwa hiyo basi, tunawaomba wakuu wa afya na wa wilaya walifikirie jambo hili. Linahitaji chumba cha skuli wakati wa jioni, mkeka, watu waaminifu waliofunzwa, na mganga wa kuwasimamia ili wenye maradhi mazito wapelekwe hospitali.

Hapa hatuna budi kujikosoa sisi wenyewe, watu wa chama na serikali. Tumezoea kukaa meza ya mbele katika kila mkutano. Katika kikao hiki kazi yetu ni kufungua mlango, kisha tuondoke, ili wananchi waseme.