Chujio la Umeme Lililomo Nyumbani Mwetu

Kila nyumba yaijua kazi ya chujio: chai hupita, majani yakabaki. Umeme nao una chujio lake, lakini hilo halina tundu hata moja. Limefanywa kwa vitu viwili: koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, na kapasita, yaani mabamba mawili ya madini yaliyotengwa na kitu kisichopitisha umeme.

Koili ni mfano wa gurudumu zito: kulianzisha ni kazi, na likiisha kuzunguka, kulisimamisha ni kazi vilevile. Kwa hiyo koili hupitisha umeme wa mwendo wa taratibu na kuuzuia ule ubadilikao upesi. Kapasita nayo ni mfano wa ndiva, lile bwawa la wakulima wa milima ya Upare: maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na mchana hufunguliwa mferejini kwa kipimo. Kapasita hupokea umeme unapozidi, hutoa unapopungua.

Basi tuitazame inveta ya umeme wa jua, iwe Same mjini au kijijini juu mlimani. Betri hutoa umeme wa upande mmoja tu, bali friji na feni nyingi zataka umeme wa mawimbi 50 kwa sekunde. Inveta nzuri huukatakata umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde, kisha koili njiani na kapasita pembeni huulainisha. Inveta isiyo na chujio hilo hutoa mawimbi yenye pembe: feni huunguruma na kupata moto, na redio iliyo jirani hujaa kelele. Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha yako, muulize muuzaji kama inveta yake yatoa mawimbi laini.

Katika redio, vitu hivyo hufanya kazi nyingine. Vikiunganishwa pamoja, umeme huenda na kurudi baina yao kama pembea, kwa kipimo kimoja maalumu. Koili ya maikrohenri 250 na kapasita ya pikofaradi 100 huitikia mawimbi yapatayo 1,000,000 kwa sekunde. Kapasita ikizidishwa mara nne, kipimo hushuka hadi nusu. Wazee waliozungusha kifundo kuitafuta Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951, walikuwa wakibadili kapasita. Na mwenye kungoja redioni khabari ya mwandamo wa mwezi ajua tabu ya idhaa mbili kuchanganyika.

Vijana wetu wapendao kufungua vyombo wakumbuke jambo moja. Ndiva haikauki kwa sababu kijito kimezibwa. Na kapasita kubwa huweza kubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa, umeme uwezao kuua. Fundi hodari huuondoa kwanza kwa rezista, akapima, ndipo akatia mkono. Asiyejifunza hayo, na amwachie ajuaye.