Wakati Uliopita wa Kihispania kwa Mwanafunzi Asemaye Kiswahili

Mwanafunzi wa Kenya anayejifunza Kihispania aghalabu huletewa lugha hiyo kwa njia ya Kiingereza. Kitabu chake kimeandikwa kwa Kiingereza, mwalimu humfafanulia kwa Kiingereza, na kila umbo jipya hulinganishwa na umbo la Kiingereza hata pale ambapo Kiswahili kingemfikisha upesi zaidi. Makala haya yana kusudi la kuichunguza sehemu moja inayowatatiza wengi, yaani vitenzi vya wakati uliopita, na kuonyesha kwamba msemaji wa Kiswahili anayo tayari mizani ya kuvipimia. Mwishoni tutagusia pia msamiati wa mwanzo.

Kihispania kina njia mbili kuu za kusema jambo lililopita kwa neno moja. Tuchukue kitenzi hablar, yaani kuzungumza. Katika njia ya kwanza, iitwayo pretérito, twapata hablé (nilizungumza), hablaste (ulizungumza), habló (alizungumza), hablamos (tulizungumza), hablasteis (mlizungumza) na hablaron (walizungumza). Katika njia ya pili, iitwayo imperfecto, twapata hablaba, hablabas, hablaba, hablábamos, hablabais, hablaban. Vitenzi viishiavyo kwa -er na -ir, kama vile comer (kula) na vivir (kuishi), hufuata kigezo kimoja: comí, comiste, comió, comimos, comisteis, comieron, kisha comía, comías, comía, comíamos, comíais, comían. Ifahamike kwamba umbo la "mlizungumza" ni la Uhispania zaidi. Katika nchi za Amerika, anayesema na watu wengi hutumia ustedes na umbo la nafsi ya tatu wingi.

Swali linalomsumbua mwanafunzi ni hili: atumie lini njia ya kwanza, na lini ya pili? Vitabu vingi humwambia kwamba ya kwanza ni ya jambo fupi na ya pili ni ya jambo refu. Maelezo hayo ni dhaifu. Felipe II alitawala Uhispania kuanzia 1556 hadi 1598, na sentensi Felipe II reinó cuarenta y dos años (alitawala miaka arobaini na miwili) hutumia njia ya kwanza bila shaka yoyote, ingawa miaka arobaini na miwili si muda mfupi. Jambo la kuzingatiwa ni mipaka. Pretérito hulitazama tendo kutoka nje, likiwa zima, lenye mwanzo na mwisho. Imperfecto huingia ndani ya tendo na kulitazama likiendelea, au likirudiwarudiwa, pasipo kujali lilikoma lini.

Sasa na tutazame lugha yetu. Nikisema "Nilipofika, mama alikuwa akipika," kila mtu aelewa kwamba chungu kilikuwa mekoni tayari. Nikisema "Nilifika, mama akapika," kila mtu aelewa kwamba mama alianza kupika baada ya mimi kuwasili, labda kwa sababu yangu. Mhispania asema Cuando llegué, mi madre cocinaba kwa maana ile ya kwanza, na Cuando llegué, mi madre cocinó kwa maana ya pili. Tofauti ambayo mwanafunzi huambiwa kwamba ni ya kigeni mno ndiyo hiyo aliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama, kwa -ki- na kwa -ka-.

Hata hivyo tusijidanganye. Kiambishi -li- peke yake hakisemi lolote kuhusu mipaka. Tukisema "Zamani watu walilima kwa jembe," -li- hiyo yaeleza desturi, na Kihispania chadai imperfecto: Antes la gente cultivaba la tierra con azada. Tukisema "Jana walilima shamba lote," hiyo ni pretérito: Ayer cultivaron todo el campo. Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili huteleza, kwa kuifanya kila -li- kuwa pretérito. Napendekeza jaribio lifuatalo. Kabla ya kutafsiri, ijaribu -li- yako kwa viambishi vingine viwili. Ikiwa waweza kuweka "walikuwa waki-" na maana isiharibike, chagua imperfecto. Ikiwa waweza kulipanga tendo hilo katika mfuatano wa hadithi kwa -ka-, chagua pretérito. "Alifika, akaketi, akala, akaenda zake" ni Llegó, se sentó, comió y se fue. Mfululizo mzima ni pretérito. Hata ule utawala wa Felipe II waufaulu mtihani huu, maana mwanahistoria aweza kuandika "akatawala miaka arobaini na miwili" pasipo kumshangaza msomaji.

Vitenzi vya kujua na kutaka vyastahili uangalifu wa pekee. Sabía ni "nilikuwa nikijua", lakini supe ni "nilipata kujua", yaani ule wakati habari iliponifikia. Vilevile no quería ni "sikuwa nikitaka", ilhali no quise hukaribia "nilikataa".

Kuhusu maumbo yenyewe, ningeshauri mwalimu aanze na imperfecto, kinyume cha utaratibu wa vitabu vingi. Sababu yangu ni ya kimofolojia. Neno hablábamos lakatika vizuri: habla- ni shina, -ba- ni wakati, -mos ni nafsi. Mwanafunzi aliyezoea tu-li-sem-a ataviona viungo vyake vyote, ila vimepangwa kutoka upande wa pili, nafsi ikiwa mwisho badala ya mwanzo. Neno habló halikatiki hivyo. Ile -ó moja yabeba nafsi, wakati na hali kwa pamoja. Isitoshe, imperfecto ina vitenzi vitatu tu vinavyokiuka kanuni: ser (era), ir (iba) na ver (veía). Pretérito ina vingi, na vyenye kutumika kila siku. Kadhalika, kwa kuwa nafsi imo ndani ya kitenzi, Mhispania hana haja ya kutaja kiwakilishi ila anapotaka kutia mkazo, kama sisi tusemavyo "mimi nilisoma" pale tu tunapojitenga na wengine. Mwanafunzi aliyepitia Kiingereza hujaza yo kila mahali, na mazungumzo yake huonekana kama ya mtu anayejisifu.

Tatizo kubwa, ambalo sijaliona likipewa nafasi ya kutosha, ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno machache mno, kama barabara lenye maana ya "sawasawa", huiasi kanuni hiyo. Mazoea haya ni hatari katika Kihispania. Hablo, mkazo ukiwa mwanzoni, ni "nazungumza". Habló, mkazo ukiwa mwishoni, ni "alizungumza". Ukiurudisha mkazo nyuma kwa mazoea ya Kiswahili, umebadilisha nafsi na wakati kwa pigo moja. Vivyo hivyo hablé ni "nilizungumza" lakini hable ni "azungumze". Ile alama ndogo juu ya herufi si pambo, na yafaa mwanafunzi azoezwe kuitamka kabla ya kuzoezwa kuiandika. Faraja ipo katika vitenzi visivyo vya kawaida: tuve (nilikuwa na), hice (nilifanya), dije (nilisema), vine (nilikuja), puse (niliweka), ambavyo mkazo wake umekaa pale pale tulipouzoea. Fui nacho ni cha kukariri tu, kwa sababu ni "nilikuwa" na pia "nilikwenda", na maana hujulikana kwa muktadha.

Kiambishi -me- chahitaji tahadhari. "Amefika" ni ha llegado, na "hajafika" ni todavía no ha llegado. Lakini "amelala" kwa kawaida si ha dormido. Ni está dormido, kwa kuwa twaeleza hali aliyomo sasa. "Amesimama" nayo ni está de pie.

Tukija kwenye msamiati, historia imetuachia urithi. Waislamu waliingia rasi ya Iberia mwaka 711, na Granada, dola yao ya mwisho huko, ilianguka mwaka 1492. Katika karne hizo Kihispania kilikopa Kiarabu kama tulivyokopa sisi: azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, azafrán ni zafarani, fulano ni fulani. Aghalabu Wahispania walilichukua neno pamoja na al- yake ya Kiarabu, nasi tukaiacha. Ndiyo maana kadhi wetu kwao ni alcalde, ingawa siku hizi alcalde ni meya. Rehén ni ndugu wa rehani, lakini maana yake ni mateka. Wareno nao, waliofika Mombasa mwaka 1498, walituachia meza, bendera, mvinyo na padri, ambayo kwa Kihispania ni mesa, bandera, vino na padre. Ngome ya Yesu yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1593, wakati Ureno ilipokuwa chini ya Felipe II yuleyule. Peso, hata hivyo, haihusiani na pesa yetu, iliyotoka Bara Hindi.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni hasta. Asili yake ni ileile ya "hata" yetu, nayo ina maana zile zile mbili: hasta los niños lo sabían, hata watoto walikuwa wakijua; na hasta la noche, hata usiku kama walivyosema wazee, yaani mpaka usiku. Kwa maneno haya machache mwalimu aweza kuandaa zoezi la siku ya kwanza. Fulano trabajó hasta la noche: fulani alifanya kazi hata usiku, siku moja, akamaliza. Fulano trabajaba hasta la noche: fulani alikuwa akifanya kazi hata usiku, ndiyo ada yake.